Jumapili ya akina baba: chagua nyimbo ambazo wababa wenyewe wataimba

Jumapili ya tatu ya Juni ikifika, makanisa mengi ya Nairobi hufuata ratiba ileile. Wababa wanaitwa mbele, watoto wa Sunday School wanawaimbia, akina mama wanawagawia soksi au kalamu, picha inapigwa, wanarudi kukaa. Ibada nzima imeisha na sauti nzito haijajaza kanisa hata mara moja. Mwezi mmoja kabla, Siku ya Mama, paa lilikuwa linatikisika. Juni hii wababa wamesimama mikono mfukoni, wanasoma maneno ya skrini kwa macho tu.

Usiniambie wanaume hawapendi kuimba. Nenda kwenye mkesha wa matanga huko Kayole au Dagoretti, ukae nje karibu na moto. Saa sita za usiku mzee mmoja anaanzisha tenzi bila kinanda, bila maikrofoni, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha besi imeshaingia, na tena, ile sauti ya juu ya wanaume, imeingia. Wanaume walewale Jumapili asubuhi wananyamaza. Kilichobadilika ni wimbo uliochaguliwa, ki iliyopigwa, yaani urefu wa sauti ambao wimbo unaimbwa, na mtu aliyeshika maikrofoni.

Mwongozo huu ni wa kiongozi wa timu ya sifa, mwalimu wa kwaya, au yule aliyepigiwa simu na mchungaji akaambiwa, "Jumapili ya wababa nyimbo ni zako." Lengo ni moja: mwisho wa ibada hiyo, wababa wawe wameimba. Kuimbiwa kupo, lakini kuwe kitu kidogo ndani ya ibada.

Hatua ya 1: Anza na mhubiri kabla ya orodha ya nyimbo

Mwaka 2026 siku hii ni tarehe 21 Juni, na 2027 ni tarehe 20. Wiki nne kabla, mtafute atakayehubiri umuulize andiko. Mara nyingi siku hii huletwa mgeni, au mhubiri hutoka kwenye umoja wa wanaume wa kanisa, na mgeni huleta andiko lake mfukoni. Ukisubiri Jumamosi jioni utakuwa umechagua nyimbo gizani.

Andiko ndilo linaloamua. Akihubiri Luka 15, baba anayemkimbilia mwanawe aliyepotea, unahitaji wimbo wa kurudi nyumbani. Akihubiri Yoshua 24:15, "mimi na nyumba yangu tutamtumikia Bwana", unahitaji wimbo wa kujitoa. Waefeso 6:4 inawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, na mahubiri hayo yakiiva vizuri watu watataka kutubu. Ukiwarukia hapohapo na pambio la ushindi na vigelegele, umefunika neno kwa kelele.

Muulize pia: kuna Meza ya Bwana? Kuna ubatizo? Wababa watatambuliwa kabla ya neno au baada? Ibada ni ngapi, na ipi ni ya Kiswahili?

Kama wewe ni Mkatoliki, misa ya Jumapili hiyo ina mpangilio wake na hauvunjwi kwa sababu ya wababa. Mwaka 2025 siku hii iliangukia Jumapili ya Utatu Mtakatifu, kwa hiyo nyimbo za Baba, Mwana na Roho zilijipa zenyewe. Mwaka mwingine haitakuwa rahisi hivyo. Nafasi yako halisi ni wimbo wa shukrani baada ya komunyo na wimbo wa mwisho, na Mtakatifu Yosefu ni mlango mzuri. Waadventista huadhimisha siku yao ya ibada Jumamosi na wanaimba kutoka kitabu chao cha Nyimbo za Kristo, lakini hatua zinazofuata ni zilezile.

Hatua ya 2: Gawa nyimbo mafungu matatu

Andika kila wimbo unaoujia kichwani, halafu uuweke kwenye fungu lake.

Fungu la kwanza ni nyimbo za kumwimbia Mungu aliye Baba. La pili ni nyimbo ambazo baba anaimba maneno yake mwenyewe: anaomba nguvu, anatubu, anaahidi, anashukuru kwa safari. La tatu ni nyimbo za kumsifu baba wa nyumbani, alivyohangaika, alivyolipa karo, alivyoamka usiku.

Fungu la tatu ndilo watu hukimbilia, na ndilo linalowanyamazisha wababa. Mwanamume hawezi kusimama akajiimbia sifa zake. Chukua wimbo mmoja tu kutoka hapo, uwape watoto, uuweke kwenye kipindi cha kutambua wababa. Zilizobaki zitapigwa wakati wa chai na mandazi. Kipindi cha sifa na kuabudu kijazwe na mafungu mawili ya kwanza, na hilo la pili ndilo ninalolipigania, kwa sababu karibu kila orodha niliyoona inalisahau.

Jihadhari na majina ya nyimbo. Kila mwaka mtu huweka "Faith of Our Fathers" kwenye orodha kwa sababu ameona neno "fathers". Wimbo huo uliandikwa na Frederick Faber, Mwingereza, mwaka 1849, na unahusu waamini wa zamani waliofungwa na kuuawa kwa ajili ya imani. Ni wimbo mzito na mzuri, na unafaa sana tarehe 3 Juni tunapowakumbuka Mashahidi wa Uganda. Kwa baba aliyekuja kanisani na watoto wawili wanaovutana koti, haumhusu moja kwa moja. "This Is My Father's World" nao unazungumzia uumbaji: ndege, miamba, anga. Utumie kama mahubiri yanaelekea huko.

Jambo dogo la hapa kwetu: ukiwa kwenye maikrofoni usipaze "Baba! Baba!" peke yake mara nyingi. "Baba" ndilo jina ambalo wafuasi wa Raila Odinga walimwita, kwa hiyo Nairobi hii kuna watakaokumbuka siasa kabla ya kukumbuka mbinguni, na benchi la nyuma litaanza kucheka. Sema "Mungu Baba" au "Baba yetu wa mbinguni" na uendelee.

Hatua ya 3: Soma maneno bila muziki, ukiwafikiria watu

Zima simu. Chukua maneno ya kila wimbo uyasome kwa sauti kama barua. Unaposoma, wafikirie watu hawa, kwa sababu watakuwepo: kijana ambaye hajawahi kumwona baba yake. Msichana anayemwona kila siku na anatamani asingemwona. Mama anayelea watoto peke yake, ambaye siku hiyo hajui asimame au akae. Baba aliyemzika mtoto mwaka huu. Mwanamume aliyeoa zamani na hajapata mtoto. Baba ambaye watoto wako kwa mama yao na huwaona shule zikifungwa. Baba aliyeachishwa kazi Machi na bado anatoka nyumbani kila asubuhi ili majirani wasijue.

Sasa angalia mistari. Wimbo unaosema baba yangu hakuniacha kamwe utawafungia nje nusu ya watu hao. Kuna kosa la upande wa pili pia, nalo ni la waimbaji wa kisasa zaidi: wimbo unaomwinua Mungu kwa kumshusha baba wa duniani, au kiongozi anayejaza nafasi kati ya beti kwa kusema "baba zetu walituangusha, lakini wewe..." Siku hiyo wababa wameketi pale na watoto wao. Waache waheshimike.

Maandiko yana njia bora. Zaburi 27:10 inasema, "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake." Zaburi 68:5 inamwita Mungu baba wa yatima. Zaburi 103:13 inamsifu Mungu bila kumvunja mtu: kama vile baba awahurumiavyo watoto wake, ndivyo Bwana anavyowahurumia wamchao. Kiongozi wa sifa akisoma mmoja wa mistari hii kabla ya wimbo wa kuabudu, kila mtu niliyemtaja ana pa kusimama. Usiuelezee. Soma, kinanda kiingie.

Kwa waliofiwa, tenzi ambayo naiweka karibu kila mwaka ni "Nionapo Amani Kama Shwari". Maneno yake ya asili yaliandikwa na baba aliyefiwa. Horatio Spafford alikuwa wakili Chicago. Novemba 1873 mkewe Anna na mabinti zao wanne walikuwa safarini kwenda Ulaya kwa meli ya Ville du Havre, ikagongana na meli nyingine na kuzama. Mabinti wote wanne walikufa. Anna akaokolewa. Spafford alipanda meli kumfuata mkewe, na wimbo huo unatokana na safari hiyo. Philip Bliss alitunga muziki wake mwaka 1876. Simulia hayo kwa nusu dakika kabla ya kuimba, kisha uimbeni polepole. Usiruhusu ngoma ziingie ubeti wa kwanza. Baba aliyezika mtoto hahitaji kutajwa jina, atajua mmemkumbuka.

Na hata siku yenyewe haikuanza na familia kamili. Sonora Smart Dodd wa Spokane, Marekani, alilelewa pamoja na wadogo zake na baba aliyefiwa na mke, na aliposikia mahubiri ya Siku ya Mama mwaka 1909 akauliza kwa nini akina baba hawana yao. Ya kwanza ikaadhimishwa mjini humo Juni 1910. Mchungaji akilalamika kwamba nyimbo zako zina huzuni kidogo, mkumbushe hilo.

Hatua ya 4: Tafuta ki ambayo wababa wanaweza

Hapa ndipo vita viko. Unaweza kuchagua nyimbo bora kabisa na ukazipoteza kwenye ki.

Timu nyingi za sifa Nairobi zinaongozwa na akina dada na vijana. Dada mwenye sauti ya alto anachagua ki inayomfaa yeye. Wanaume kanisani wanaimba wimbo uleule oktavi moja chini yake, na hapo wanafikishwa sakafuni: wananguruma, maneno hayasikiki, wanaacha. Upande wa pili, wimbo unachukuliwa kutoka kwenye rekodi ya mwimbaji mwenye sauti ya juu ya tena, unapigwa kwenye ki ileile ya rekodi, na kiitikio kinapanda mahali ambapo mwanamume wa kawaida lazima apige kelele au anyamaze. Atanyamaza.

Kipimo changu ni hiki. Tafuta C ya katikati ya kinanda. Noti ya juu kabisa ambayo wanaume wataimba isipite D iliyo jirani yake, ile inayoifuata kwenda juu. Kwa mara moja au mbili kwenye kiitikio, E bemoli, nusu noti juu ya D hiyo, inavumilika. Chini, usiwapeleke zaidi ya A ya oktavi iliyo chini ya hiyo. Kwa ibada ya saa moja na nusu asubuhi shusha tena kidogo. Juni Nairobi ni baridi, mawingu yamefunika, na katika ibada ya kwanza kuna baba aliyetoka zamu ya ulinzi saa kumi na mbili akapitia kanisani kabla ya kwenda kulala. Koo lake halijaamka, na lako pia.

Njia rahisi zaidi ya kupata ki haihitaji hesabu. Nenda kwenye ushirika wa nyumbani katikati ya wiki, au mkutano wa wanaume. Mwambie mzee mmoja, "Mzee, tuanzishie Cha Kutumaini Sina." Atakuambia, "Kijana, leo sauti haipo," kisha ataanzisha. Hana kinanda, kwa hiyo ataanza pale mwili wake unapotaka. Fungua programu ya kinanda kwenye simu, tafuta noti aliyoanzia, andika. Subiri wengine waingie: mara nyingi baada ya ubeti mmoja wimbo unateleza nusu noti kwenda juu au chini, na pale unapotulia ndipo ki yenu ilipo. Fanya hivyo kwa tenzi tatu au nne. Jumamosi ukimpelekea mpiga kinanda orodha ya ki hizo atakuuliza kwa nini ziko chini hivyo. Mwambie abonyeze kitufe cha kuhamisha ki na asiguse tena.

Kama kwaya yenu inasoma do-re-mi, iandike juu ya ukurasa: do ni F, do ni G. Mwalimu wa kwaya asiibadilishe asubuhi kwa sababu soprano wanaona wimbo "umelala". Siku hiyo soprano watavumilia. Wana Jumapili nyingine zote za mwaka.

Jambo lingine ni nani anaongoza. Wanaume wawili wa kawaida wawe mbele, wasiwe waimbaji hodari. Mwanamume kanisani akisikia sauti ya kuruka na kupinda kama ya redioni anakuwa mtazamaji. Akisikia sauti kama yake anaingia. Mwambie fundi mitambo apandishe maikrofoni zao juu ya nyingine, na ashushe spika za mbele kidogo ili watu wasikie wenzao. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Mtu asiposikia sauti ya jirani yake anaona aibu ya yake.

Hatua ya 5: Changanya umri na lugha

Kanisa la mjini lina baba wa miaka 70 anayejua tenzi zote bila kitabu na baba wa miaka 29 aliyekulia kwenye nyimbo za skrini. Nairobi kila mmoja wao pia ana lugha ya nyumbani. Mchanganyiko unaofanya kazi ni tenzi tatu au nne, wimbo mmoja au miwili wa kisasa, na pambio moja au mawili ambayo yanaitikiwa. Jumla isizidi saba, bila kuhesabu wimbo wa watoto.

Kutoka kitabu cha Tenzi za Rohoni, hizi zinawaamsha wanaume: "Cha Kutumaini Sina" kwa sababu kiitikio chake kina nafasi ya besi na kinasimama kama nguzo, "Bwana U Sehemu Yangu" ambayo ni ya safari na haihitaji nguvu, "Mbele Ninaendelea" kama andiko ni la kujitoa, "Usinipite Mwokozi" kama ni la toba. Wababa wengi wanazijua kwa moyo, na hawatahitaji kuinua macho kwenye skrini.

Kwa Kiingereza, "Great Is Thy Faithfulness", maneno ya Thomas Chisholm ya mwaka 1923, inamwita Mungu Baba tangu mstari wa kwanza, na baba aliyevuka mwaka mgumu anaweza kuimba kila neno bila kujifanya. "How Deep the Father's Love for Us" ya Stuart Townend inaeleza Baba aliyemtoa Mwana, kwa hiyo inakaa vizuri karibu na Meza ya Bwana, na inaimbika hata bila ngoma. "Good Good Father", walioiandika ni Pat Barrett na Anthony Brown, vijana wanaipenda na maneno yake yanafaa siku hii. Ila ishusheni, na msirudie kiitikio mpaka watu wasahau walianzia wapi. Mara mbili, tatu, basi.

Vijana wa kwaya watakuja na "Baba Yetu" ya Christopher Tin. Mmarekani huyo aliitunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Civilization IV, mwaka 2005, na mwaka 2011 ikashinda Grammy. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili chetu, na ikiimbwa vizuri inasisimua. Lakini ni kazi ya kwaya iliyofanya mazoezi ya miezi, na wakati wote huo wababa watakuwa wameketi wakisikiliza. Kama kwaya tayari inaijua, ipeni nafasi ya sadaka. Kama haijui, iwe ya mwaka ujao.

Pambio la lugha ya nyumbani nalo lina nguvu yake. Liongozwe na baba anayelijua kweli, liwe fupi, na liitikiwe kwa neno moja au mawili ambayo Mluhya na Mkamba na Mkikuyu wote wanaweza kushika. Usichague la kabila lenye watu wengi zaidi kanisani kila mwaka. Watu huona.

Wimbo mpya usizidi mmoja. Ufundishe Jumapili mbili kabla, wakati wa sadaka.

Hatua ya 6: Panga mtiririko

Huu ni mpangilio wa ibada ya Kiswahili inayoanza saa tatu na nusu asubuhi, na unaweza kuupindua unavyotaka:

Ingieni na "Hakuna Mungu Kama Wewe". Mwanamume aanzishe peke yake bila vyombo, kanisa liitikie, kisha ngoma ziingie mzunguko wa pili. Fuateni na pambio la lugha ya nyumbani bila kusimama. Kisha "Cha Kutumaini Sina". Kiitikio cha mwisho, vyombo vyote vinyamaze na wanaume waimbe peke yao, akina mama wasikilize. Usiwatangazie mapema, kiongozi ainue mkono tu na kusema "Wababa!" Wakiwa katika ki yao, wataingia. Kiitikio kirudiwe na kanisa zima.

Soma Zaburi 103:13. Wimbo mmoja wa kuabudu, wa Kiswahili au Kiingereza. Kaeni.

Baada ya neno, wimbo wa kuitikia andiko: "Usinipite Mwokozi" au "Mbele Ninaendelea", beti mbili. Maombi kwa waliofiwa yafuatwe na "Nionapo Amani Kama Shwari". Kipindi cha kutambua wababa. Baraka, kisha "Bwana U Sehemu Yangu" watu wakitoka.

Maneno ya katikati yawe machache. "Mwambie jirani yako" imechosha watu, na kwa wanaume ndiyo njia ya haraka ya kuwakumbusha kwamba wana aibu.

Hatua ya 7: Wimbo wa watoto

Juni ni katikati ya muhula wa pili, kwa hiyo wa bweni hawapo na utakuwa na wadogo tu. Ubeti mmoja na kiitikio vinatosha. Maneno yawe ya kushukuru na kuombea, kwa mfano Mungu awalinde wababa barabarani na kazini, badala ya "baba yangu ni bora kuliko wote", kwa sababu kuna mtoto kwenye mstari huo ambaye hana wa kumwonyesha kidole. Mwalimu wa Sunday School anawajua. Mshirikishe kabla hujachagua.

Wakati wa kuwaita wababa mbele, mpiga kinanda acheze tenzi ambayo kanisa limeshaimba, polepole. Asianze wimbo mpya. Na wanaume wasimame walipo kama ukumbi ni mdogo, ili asiye na mtoto asibaki ameketi peke yake akitazamwa. Mkisema "wanaume wote wanaotulea kanisani, simameni", naye atasimama, pamoja na mjomba, babu na mwalimu.

Hatua ya 8: Mazoezi, skrini, na asubuhi yenyewe

Jumamosi mbili za mazoezi zinatosha kama nyimbo ni hizi. Ya kwanza ni ya sauti, ya pili ni ya mtiririko mzima bila kukatisha. Wababa wanaoongoza waje hata kama wanasema wanajua.

Kwenye skrini, mistari mifupi, herufi kubwa za kuonekana nyuma, na beti zote ziwepo: wababa wazee huimba ubeti wa tatu hata kama skrini imeuruka, na hapo kanisa hugawanyika mara mbili. Andika "Baba" kwa herufi kubwa unapomtaja Mungu, ili anayesoma ajue anamwimbia nani.

Asubuhi ya Jumapili fika saa moja kabla. Pima sauti za wanaume kwa nguvu ileile mtakayotumia ibadani, si kwa kunong'ona. Mpiga kinanda aoneshe kwamba kitufe cha ki kiko pale mlipokubaliana, kwa sababu kuna kijana huwa anacheza kinanda hicho baada ya mazoezi ya vijana na hakirudishi.

Ukiona ubeti wa kwanza umepita na wababa bado wako kimya, usiwaseme na usiongeze sauti ya spika. Mwambie mpiga kinanda kwa ishara ashushe nusu noti kati ya beti, ngoma zipunguzwe, na wale wawili mbele wapunguze mbwembwe. Subiri ubeti mmoja. Kawaida anaanza mmoja upande wa kushoto nyuma, yule mzee aliyekuanzishia tenzi katikati ya wiki, kisha wengine wanamfuata.

Ibada ikiisha, kabla waya hazijakunjwa, andika kwenye daftari la timu ki zilizofanya kazi na wimbo ambao wanaume waliimba zaidi. Mpe nakala kiongozi wa umoja wa wanaume. Mwaka ujao huenda si wewe utakayepigiwa simu.